Usinunue ya Kusemea

Tafila, 12 Septemba 1987

Kwa Ami Fawwaz,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute na afya, na nyumba yako ya Irbid iwe na kheri. Huku hatujambo. Mama anakusalimu sana, goti lake limeanza kusikia dawa, na jana alipanda ngazi hadi darini bila kumlaani aliyezijenga. Mizeituni ya marehemu baba imezaa vizuri mwaka huu, tukishakamua tutakutumia dumu lako. Mimi nimepewa fizikia kwa madarasa ya juu: wasichana thelathini na wanane na mizani moja mbovu.

Nimekupigia simu mara tatu kutoka ofisi ya mkuu wa shule. Inaita tu. Mara ya tatu mkuu akaanza kukohoa, nikakata.

Nina shida moja, Ami. Nataka kuanza redio ya ridhaa, kama wewe. Sababu usiniulize. Wiki iliyopita nilikuwa Amman, nikapita dukani nikaonyeshwa mitambo miwili. Mmoja ni mkubwa, wa kupokea na kurusha, wati mia nzima, na maikrofoni ya kusimama mezani kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Wa pili ni redio ya kupokea tu, imeshatumika, ina mikwaruzo, na kitambaa cha spika kimechanika. Muuzaji anasema mtu mwenye akili huchukua ule wa kwanza na kumaliza kazi mara moja. Mimi macho yameshaganda kwenye ile maikrofoni. Wewe una miaka thelathini katika mambo haya, na jina lako la redio linajulikana mpaka Japani. Nichukue upi?

Mama anauliza kama kuna habari za mwanao Haitham. Mimi siulizi, anauliza yeye.

Binti yako,
Sawsan

*

Irbid, 5 Oktoba 1987

Kwa binti ya kaka yangu, Sawsan,

Wa alaikum salaam. Barua imefika, nami ni mzima. Msalimie mama yako, na mwambie goti halitibiwi na dawa peke yake, apunguze kupanda darini kuchungulia majirani. Simu yangu ina hitilafu. Usijisumbue nayo, andika.

Nimefurahi kuliko nitakavyoonyesha hapa. Sasa sikiliza. Usinunue ya kusemea. Muuzaji wako anauza, hafundishi. Kila anayeanza hukimbilia maikrofoni, na wote hufanya kosa moja: hutia mali yote kwenye mtambo, kisha hufunga kipande cha waya dirishani na kushangaa kwa nini dunia haiwajibu. Nimewaona wengi. Mmoja alikuwa mhandisi.

Chukua hiyo yenye mikwaruzo. Kitambaa cha spika hakisikilizi chochote, acha kichanike. Fedha itakayobaki nunua waya mzuri wa shaba na kebo nzuri, kwa sababu antena ndiyo redio, hilo sanduku la mezani ni kitasa tu. Kwa masafa ya mita ishirini kata waya vipande viwili, kila kimoja mita tano na shubiri, uvitandaze darini kushoto na kulia, kebo iungwe katikati. Juu kadiri unavyoweza, na mbali na nyaya za umeme. Hili la umeme nalirudia: mbali.

Kisha sikiliza miezi mitatu. Usiseme na mtu. Kila Ijumaa baada ya swala kaa na daftari, uandike nani umemsikia, saa ngapi, kwa nguvu gani na amesema nini. Niletee hayo maandishi. Usifupishe.

Kuhusu swali la mama yako, mwambie nasubiri mafuta.

Ami yako,
Fawwaz

*

Tafila, 20 Novemba 1987

Kwa Ami Fawwaz,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mafuta yametoka machungu kidogo mwaka huu, kama unavyoyapenda. Dumu lako atalileta mtoto wa Abu Ziyad anayesoma chuo huko.

Nimefanya ulivyosema. Waya uko darini, na siku ya pili tu nimeukuta umeanikwa suruali tatu na shuka. Nikamwambia Umm Ziyad wa jirani kwamba hiyo si kamba ya nguo. Akaniuliza, "Basi ni kamba ya nini? Unataka kumfunga nani?" Nikamwambia ni ya kusikilizia dunia. Akaondoa nguo zake moja moja huku akimwombea mama yangu subira.

Nakuletea kurasa nane. Utaona Wataliano wengi, Mrusi mmoja mpole, na mtu wa Saiprasi anayelalamikia mkewe kila Ijumaa.

Ukurasa wa saba usome umekaa. Ijumaa ya tarehe 13, saa tisa na dakika nne, mtu aliita jina lako la redio. Kwa sauti, kwa Kiarabu. Aliita mara saba, akitulia dakika nzima baada ya kila mara. Alikuwa Haitham, Ami. Nimecheza naye utotoni, siwezi kumkosea. Mwisho akasema, "Baba, kama uko, mimi niko hapa Uswidi kila Ijumaa saa hii." Leo tena ameita, hivi sasa ndiyo naandika.

Hukumjibu hata mara moja. Najua yaliyopita. Najua Umm Haitham alizikwa na mwanawe hayupo, na siku ya tatu ya matanga ulisimama mbele ya wanaume ukasema huna mtoto. Mama alilisikia neno lile akiwa jikoni na wanawake wengine. Lakini ni miaka miwili sasa. Mtu anaita mara saba, naye baba yake amekaa kimya mbele ya mtambo. Siwezi kukuficha, nimekasirika.

Sawsan

*

Tafila, 8 Januari 1988

Kwa Ami Fawwaz,

Natumai hujambo na baridi hii. Kwetu theluji imefunga barabara siku nne, shule imefungwa, mama anapika dengu kila siku, na mimi nimepanda darini kukung'uta waya kwa ufagio. Mtoto wa Abu Ziyad anasema alikupa dumu mkononi, ukalipokea na kufunga mlango akiwa bado anazungumza. Alidhani amekukosea adabu mahali.

Barua yangu ya Novemba hukuijibu. Haitham ameita Ijumaa zote tangu siku ile isipokuwa moja. Nimechoka kukaa na redio isiyo na mdomo. Duka la Amman bado wanao ule mtambo wa wati mia na maikrofoni yake. Shule ikifungua naenda kuuchukua, nafanya mtihani wa leseni, na Ijumaa ya kwanza nitakayokuwa nayo mkononi nitamjibu mimi. Nitamwambia baba yako yu hai, ana redio, na hataki.

Nakupa nafasi uniambie kwanza kama si kweli.

Sawsan

*

Irbid, 25 Januari 1988

Sawsan,

Salamu. Mimi ni mzima. Mtoto wa Abu Ziyad hakukosa adabu, mwambie mafuta ni mazuri.

Sisi wa redio tuna ada yetu, nayo ni ya zamani kuliko wewe. Jambo lililosemwa hewani na hukuitwa wewe, ulisikie na uliache hapo hapo. Hulibebi, wala hulipeleki mlangoni kwa mtu ukamgombeza nalo. Ningekuwa mkaguzi wako leseni ningekunyima.

Mtambo wa wati mia usiununue. Umeme wa kwenu utapepesuka kila ukifungua kinywa, na taa za Umm Ziyad zitapepesuka pia. Na maikrofoni nimeshakwambia.

Lakini maadamu ada umeshaivunja, imalizie. Kwenye ukurasa wa saba umeandika "aliongea kidogo kuhusu mama yake." Kidogo ndiyo nini? Niandikie maneno yenyewe, yote. Na sauti yake ikoje? Imekauka, au ni ile ile? Alikuwa na kifua kibovu akiwa mdogo.

Fawwaz

*

Tafila, 14 Februari 1988

Kwa Ami wangu,

Nimesoma barua yako mara mbili, kisha nimemsomea mama. Mama aliacha kuchambua mchele akasema, "Huyu anauliza kama mtu ambaye hakuwepo." Nami ndipo nikakumbuka. Idi iliyopita ulikuwa ukinitazama mdomo kila nikisema. Simu inaita haishikwi. Kijana anazungumza na mlango unafungwa.

Ami, niambie bila kuona haya. Unasikia?

Na mimi nina langu nililolificha. Redio sikuianza kwa kupenda fizikia. Haitham aliniandikia mwezi wa saba. Alisema anakuita kila Ijumaa tangu mwaka jana na hujibu, akaniuliza kama kuna njia ya kujua iwapo sauti yake inafika Jordan au inaishia njiani. Nikaona aibu kukuuliza wewe. Nikataka kuisikia mwenyewe.

Haya ndiyo maneno yake ya tarehe 13 Novemba, nayaandika kama alivyoyasema: "Baba, niliwaambia watu kwamba sikupata tiketi. Tiketi nilikuwa nayo mfukoni. Nilifika uwanja wa ndege nikakaa kwenye benchi, ndege ikaondoka. Niliogopa kumwona mama amefunikwa. Sina sababu nyingine. Kama unataka kunitukana, nitukane, nasikiliza."

Aliyasema hayo hewani, Ami, mbele ya Wataliano na Warusi na kila mwenye redio. Sauti yake ni ile ile, imezidi uzito kidogo. Kifua ni kizima.

Sawsan

*

Irbid, 2 Machi 1988

Binti yangu Sawsan,

Sisikii.

Nimekaa siku kumi na kalamu, na hilo ndilo la kuanzia. Lilianza mwaka ule alioumwa mke wangu, Umm Haitham. Mwanzoni nilidhani dunia imepunguza sauti kwa heshima ya mgonjwa. Daktari akanipima akasema miaka thelathini na moja ya visikilizio masikioni, ofisi ya telegrafu mchana na redio yangu jioni, ina bei yake. Nimepewa kifaa cha kuvaa sikioni, kinanipigia filimbi. Sasa sauti ya mtu ni mngurumo tu, kama mtu anayesemea ndani ya mto. Dukani nanyoosha kidole. Msikitini nafuata mgongo wa aliye mbele yangu.

Ijumaa nakaa mbele ya mtambo kama zamani. Mtambo una sindano inayopima nguvu ya anayerusha, sauti ikifika sindano inaruka. Naiona inaruka, inatulia dakika nzima, inaruka tena. Mwaka mzima nimemwona mtu huyo, nami sijui ni nani. Nilidhani labda ni Mbulgaria mmoja rafiki yangu wa zamani. Sikumjibu kwa sababu ukimjibu mtu lazima umsikie, na mimi sikutaka ijulikane kwamba Fawwaz amekwisha. Ndiyo maana nilikwambia ukae na daftari. Nilitaka kusikia redio kwa sikio lako. Ulipoleta ukurasa wa saba nikajua sindano ile ilikuwa mwanangu. Niliuweka ukurasa huo chini ya godoro kwa mwezi mzima, sikuweza kuusoma tena wala kuutupa.

Sasa nisikilize, nakuomba kwa haki ya baba yako. Usimwambie Haitham. Nilimkana mbele ya watu nikiwa na nguvu zangu. Nikimrudia leo nikiwa kiziwi atadhani nataka mtu wa kunishika mkono barabarani. Atakuja kwa huruma, na huruma yake siitaki.

Ami yako

*

Tafila, 18 Machi 1988

Kwa Ami,

Mama alilia. Mimi nililia baadaye, shuleni, kwenye chumba cha vifaa, na mizani mbovu ndiyo shahidi.

Sitamwambia. Ni lako hilo. Lakini sikiliza jambo lililotokea Jumamosi. Kile kitambaa cha spika kilichochanika kimening'inia mpaka nikaamua kukivua. Redio ilikuwa inawaka, na kulikuwa na mtu anagonga Morse, zile herufi za nukta na mistari. Kidole changu kikagusa ile karatasi ya spika, nikahisi kila pigo, fupi na refu, limetengana kabisa. Nikafunga masikio kwa pamba nikajaribu tena. Nilisoma herufi sita kwa ngozi ya kidole, nami Morse naijua kwa shida kama unavyojua. Kisha akaja mtu wa sauti, nikahisi mtetemo tu usio na maana.

Kwa hiyo nimechagua mtambo wangu. Si wa wati mia. Kuna mdogo wa wati kumi, unarusha Morse peke yake, hauna hata tundu la maikrofoni, na umeme wake ni wa betri ya gari. Muuzaji amenionea huruma, amesema hata vijana wa skauti hawautaki. Mtihani naufanya tarehe 5.

Nawe vua kitambaa cha spika yako. Sauti ifungue hadi mwisho, usijali majirani. Ijumaa tarehe 15 Aprili, saa tisa, nitakuita. Ila nisaidie jambo moja, niwe kwenye masafa gani ili nikufikie?

Sawsan

*

Irbid, 27 Machi 1988

Mwalimu wangu,

Umeniita mjinga kwa adabu nyingi. Miaka thelathini nimekaa na spika mezani, sikuwahi kuigusa.

Mita ishirini hazitufai sisi wawili. Mawimbi yake hupanda mbali yakatuvuka sote wawili, yanaangukia kwa Wazungu. Kwa umbali wa Irbid na Tafila tumia mita arobaini, urefushe waya kila upande ufike mita kumi na kidogo. Mwombe radhi Umm Ziyad, utavuka mpaka wake.

Gonga polepole. Usijionyeshe.

Fawwaz

*

Irbid, 22 Aprili 1988

Kwa Sawsan mwenye leseni,

Ramadhani njema kwako na kwa mama yako. Nafuturu kwa tende na supu ya dengu, na jirani ananiletea kataifu, zile chapati tamu za Ramadhani, kana kwamba mimi ni yatima.

Una mkono mbaya sana. Jina langu umelikosea mara tatu, na mistari yako mirefu inatofautiana kama meno ya mtoto. Niliweka vidole viwili kwenye karatasi ya spika, nikashusha mlio ukawa mzito, nikangoja. Uliponiita nilihisi kitu kinaingia hapa kwenye kiganja mpaka kwenye kiwiko, nikashindwa kujibu kwa dakika kadhaa. Ulidhani umenikosa, nikakuhisi unaita tena kwa hofu, umeharakisha. Niliposhika kigongeo na kukujibu, ilikuwa mara ya kwanza katika miaka miwili kuzungumza na mtu bila kumtazama mdomo.

Nimewaza wiki nzima. Mwandikie Haitham aache maikrofoni. Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, saa tisa, mita ishirini, kwa Morse. Sababu usimwambie.

Ami yako

*

Tafila, 6 Mei 1988

Kwa Ami,

Nimemwandikia mistari miwili tu: siku na saa, na kwamba ni Morse. Ameuliza kwa simu ya shule kwa nini Morse, nikamwambia akuulize mwenyewe atakapokupata. Mkuu alikohoa mpaka tukamaliza.

Sikusema zaidi. Lakini nikuambie ninavyoona, kisha ninyamaze. Yeye alisema la benchi la uwanja wa ndege mbele ya dunia nzima. Ukimficha masikio yako, atakuwa amesema ukweli peke yake.

Idi njema mapema. Mama anakausha maziwa mgando ya jamidi ya kukuletea.

Sawsan

*

Irbid, 22 Mei 1988

Binti yangu Sawsan,

Salamu kwako, kwa mama yako, na kwa mkuu wa shule na kifua chake. Idi imepita salama, nimekula nyama kupita kiasi.

Ijumaa nilioga, nikavaa shati la Idi, nikakaa tangu saa nane. Saa tisa kamili sindano ikaruka. Niliweka vidole. Alikuwa hajafika nusu ya jina langu nikamjua. Nilimfundisha Morse akiwa na miaka tisa, kwa kijiko juu ya meza ya jikoni, mama yake akitufokea tunatoboa kitambaa. Mstari wa mwisho wa kila herufi huuvuta kidogo. Sikuwahi kumrekebisha, na bado anauvuta.

Nikamjibu. Akaanza kugonga upesi sana, maneno yanapandana, na vidole vyangu vikashindwa kumfuata. Ningeweza kumwambia hali ya hewa ni mbaya. Wote husema hivyo wakishindwa. Mkono ulikuwa umeshaanza kuiandika hiyo hali ya hewa, nikauzuia. Nikagonga: sisikii tena, mwanangu, mimi ni kiziwi, nakusoma kwa vidole.

Sindano ikalala. Nilidhani ameondoka. Kisha akarudi, na alirudi polepole, herufi moja moja, na nafasi kubwa katikati, kama nilivyokuwa namgongea yeye alipokuwa anajifunza. Aligonga: niko hapa baba, sina haraka.

Tulikaa mpaka adhana ya magharibi, ambayo siisikii ila naijua kwa mwanga. Alinieleza benchi lile. Nilimweleza siku ya matanga. Atakuja mwezi wa nane, na sikumuuliza kama ni huruma.

Wewe unajua sisi wa Morse hatuandiki neno zima. Kila kitu tunakikata, asante ni herufi mbili, kwaheri ni tarakimu mbili, mtu akigonga neno lote tunajua ni mgeni. Nilipofika mahali pa kumwomba radhi nilitafuta kifupisho chake, nikaona miaka yote hii hatujawahi kuwa nacho. Nikaligonga lote.

Fawwaz, baba yake Haitham